Msumeno wa meza wenye breki ya kidole: unastahili bei yake, au pesa iende kwingine?

MningaMkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Naomba tulichambue hili kwa hesabu, sio kwa mapenzi ya mashine.

Karakana ni ya makabati ya jikoni na milango, Morogoro. Kazi za kila siku ni MDF ya mm 18, plaiwudi, melamini, pamoja na mninga na mkongo uliokauka. Mara mojamoja inaingia mitiki ambayo bado ina maji. Wanaogusa mashine ni watatu, mmoja wao mwanagenzi. Umeme ni wa TANESCO, fezi moja.

Msumeno wa meza uliopo hauna kava wala kile kibamba cha nyuma ya bledi. Machaguo ni mawili:

(a) SawStop, wale wa msumeno wenye breki inayosimamisha bledi ikigusa kidole; ile ya kabati (mwili wake wa chini ni kasha lililofungwa), hp 3, inchi 10. Kwao Marekani bei inazidi dola 3,000, usafiri bado.

(b) Mashine ya kawaida ya inchi 10, kati ya dola 700 na 1,000, halafu chenji inayobaki iende kwenye kufyonza vumbi na bledi nzuri.

Nataka kujua breki inafanya nini hasa, inakosea wakati gani, na baada ya kununua unaendelea kulipia nini. Wale wa "umakini tu unatosha" naomba mpite kimya kimya.

---

Randa Kali

Nianze na breki yenyewe, maana wengi wameiona kwenye lile onyesho la soseji inayosukumwa kwenye bledi wakadhani kuna kamera. Hakuna kamera. Bledi imetengwa kiumeme na mwili wa mashine, na inapitishiwa ishara ndogo sana ya umeme. Mbao kavu haiigusi ishara hiyo. Mwili wa mtu una maji na chumvi, unainyonya. Ishara ikishuka ghafla, saketi iliyomo ndani ya katriji (kile kikasha cha breki kinachochomekwa karibu na bledi) inaunguza kijiwaya kilichokuwa kimeibana springi. Springi inalitupa pande la aluminiamu kwenye meno ya bledi, meno yanazama humo, bledi inasimama, na ile kasi iliyobaki inaivuta bledi yote izame chini ya meza. Mota nayo inakatwa umeme. Kuanzia mguso hadi kusimama ni chini ya milisekunde 5.

Sasa fanyeni hesabu, ndipo mtajua mnanunua nini. Bledi ya mm 254 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, jino linakwenda mita 53 kwa sekunde, yaani karibu km 190 kwa saa. Katika milisekunde 5 bledi ingezunguka theluthi moja ya duara, na kwa sababu inapungua mwendo muda wote huo, ni chini ya hapo. Upande wa mkono: fundi anayesukuma mbao taratibu, sentimita 30 kwa sekunde, kidole chake kinasogea mm 1.5 katika muda huo. Huo ni mkwaruzo na plasta. Lakini mkono ukivutwa au mtu akiteleza akaangukia bledi kwa mita 3 kwa sekunde, ni mm 15. Hapo umeshafika kwenye mfupa.

Kwa hiyo breki inalinda vizuri mkono unaokwenda polepole kuelekea kwenye bledi. Mkono unaorushwa inaupunguzia jeraha, haiufutii.

---

Mpasuaji wa Sao Hill

Mkuu Randa umemaliza. Na mkono unarushwa lini? Mbao inaporudi. Breki haizuii mbao kurudi hata chembe, maana mbao sio nyama. Ndio maana napinga (a) kwa kazi nyingi za huku kwetu.

Mbao inarudi kwa sababu mbili kubwa. Moja, mwanya uliokwisha kukatwa unajifunga na kuibana bledi kwa nyuma. Hii ni ya mbao zenye mkazo ndani, mkaratusi ndio mama yao, na mitiki michanga. Mbili, mbao inaachana na fensi (ile reli ya pembeni inayoiongoza), kona yake ya nyuma inakanyaga meno yanayopanda, inanyanyuliwa na kutupwa kwa aliyesimama mbele. Meno ya mbele yanashuka na kuikandamiza mbao mezani, ya nyuma yanapanda. Kila kinachogusa nyuma kinakuja kwako. Mkono uliokuwa umeegemea mbao hiyo unabaki hewani, uzito wa mwili ukiwa mbele, na bledi iko pale pale.

Dawa yake ni kile kibamba cha nyuma kinachokaa ndani ya mwanya uliokatwa, tukiite kisu cha nyuma. Hakina umeme, hakina katriji, na kinafanya kazi kila mbao inapopita. Mashine ya dola 800 yenye kisu cha nyuma kinachopanda na kushuka pamoja na bledi ni salama kuliko ya dola 4,000 ambayo kisu chake kimefunguliwa na kutupwa kabatini.

---

Mama Karakana

Mpasuaji, hakuna aliyesema uchague kimoja. SawStop inakuja na kisu cha nyuma, kava, na zile kucha za kuzuia mbao isirudi, na kuvibadilisha hakuhitaji spana. Hoja yako ni nzuri dhidi ya mtu anayedhani breki inatosha, ila si hoja dhidi ya mashine.

Mimi naongeza jambo la wafanyakazi. Ukitumia mashine peke yako, unajua lini umechoka. Wakiwa watatu, mmoja mwanagenzi, hujui kila saa nani kasimama pale na kava liko wapi. Kava litafunguliwa tu, kwa sababu kuna mikato isiyowezekana likiwepo: mifereji ya mgongo wa kabati, vipande vyembamba chini ya mm 40. Katika dakika hizo kilichobaki ni breki. Hapo ndipo pesa inapokwenda.

---

Volti240

Kabla hamjaendelea kubishana, swali la umeme. Mashine ya Marekani haiwi yetu kwa kuwa tu imeandikwa 230V. Sisi ni hezi 50 (mawimbi ya umeme kwa sekunde), wao 60.

Mota ya induksheni ya hezi 60 ukiipa 50 inapungua mwendo kwa asilimia kama 17. Bledi ya mizunguko 4,000 inashuka hadi 3,300 na kidogo. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba volti zikiwa zilezile na hezi zimepungua, chuma cha mota kinashiba sumaku, ampea zinapanda hata mashine ikizunguka bila mbao, na waya za ndani zinapika. Ili isipike ungeshusha volti hadi kama 190, na hapo umeshapoteza nguvu uliyoinunua. Msidanganyike na "tutafunga kibadilisha hezi": mota ya fezi moja yenye kapasita haikubaliani na vifaa hivyo.

Zile ndogo za kubebeka zina mota ya brashi, hezi haiisumbui sana. Lakini za Marekani ni volti 120, ampea 15. Transfoma ya kushusha isiwe chini ya kVA 3, na bado kuna saketi ya kugundua kidole ambayo unailisha umeme usio wake. Kitu unachonunua kwa ajili ya usalama usikianzishe kwa kukikisia.

Toleo la 230V hezi 50 lipo, Ulaya na Australia linauzwa. Ulizia hilo, na uandikiwe kwenye ankara, maana muuzaji akikwambia "ni 230, usijali" hajajibu swali.

Nyaya: hp 3 inakula karibu ampea 13 ikiwa na mzigo, na wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya hapo. Plagi ya pini bapa yenye fyuzi ya 13 itakuchosha. Weka laini ya peke yake, waya wa milimita mraba 4 kama umbali ni mrefu, breka ya ampea 20 aina ya C au D. Na ethi ipimwe. Sio chuma kilichochomekwa ardhini mwaka ule fundi alipopita.

---

MningaMkavu

Hapo kwenye hezi nimekoma, ankara niliyoletewa ni ya Marekani kabisa. Asante Volti. Sasa upande wa breki kujifyatua bila kidole. Nasikia mbao mbichi inaifyatua. Na katriji ikifyatuka unapoteza nini?

---

Randa Kali

Katriji ikifyatuka imekwisha, haitengenezwi. Ya bledi ya inchi 10 ni kama dola 100, ya bledi pana za kuchimba mfereji ina bei ya juu kidogo na ni katriji tofauti kabisa. Bledi nayo mara nyingi inakwenda nayo: karbaidi (zile ncha ngumu za meno) zinang'oka, na hata meno yakionekana mazima sahani yaweza kuwa imepinda. Bledi ya dola 60 hadi 100. Weka dola 180 kwa kila mfyatuko.

Vitu vinavyoifyatua bila kidole, nikianza na vya huku:

Alukobondi. Karakana nyingi zinakata mabango na vipande vya kufunika kaunta kwenye msumeno huohuo. Ni aluminiamu pande zote mbili, inagusa meza na bledi kwa pamoja. Inafyatua mara moja.

Geji ya pembe (kile kiongozi cha mikato ya pembe kinachoteleza kwenye mfereji wa meza) au fensi ya chuma kuguswa na bledi. Hii ndiyo inayowapata wengi: mtu kainamisha bledi nyuzi 45 bila kuangalia upande geji ilipo. Kabla ya kuwasha, izungushe bledi kwa mkono mzunguko mzima.

Gundi nyeupe ambayo haijakauka. Ubao uliounganishwa asubuhi ukakatwa saa sita. Maji ya gundi yanapitisha umeme.

Akriliki yenye kioo, bodi zenye karatasi ya fedha, na kitu chochote chenye nyuzi za kaboni.

Msumari mmoja ndani ya mbao kwa kawaida hauifyatui, isipokuwa unagusa meza au mkono wako. Hata hivyo msumari unakula karbaidi, kwa hiyo mbao za paleti zipitishiwe sumaku au kigunduzi kwanza, kwa mashine yoyote ile.

Mbao mbichi: zilizokauka kawaida hazina tatizo. Zile za jana kutoka shambani, au zilizotoka kwenye tangi la dawa zikiwa bado nzito, zinaweza kuifyatua. Hakuna namba moja ya unyevu ninayoweza kukupa, kwa sababu chumvi za dawa nazo zinachangia. Namna ya kujua ni hii: kuna ufunguo wa kuizima breki kwa mkato mmoja. Uzungushe, washa mashine, kata kipande cha majaribio cha mbao ileile, kisha zima. Bledi inapojizungukia kuelekea kusimama, taa nyekundu ikimetameta haraka, ujue breki ingefyatuka. Isipometameta, rudi kwenye hali ya kawaida. Ukizima mashine, breki inajirudisha yenyewe kazini, kwa hiyo kila mkato wa kuizima ni uamuzi mpya.

---

Mpasuaji wa Sao Hill

Na hapo ndipo ninapowakamata. Kwa anayepasua saiprasi na paini zinazovuja maji, ufunguo ule utazungushwa asubuhi hadi jioni. Mwishowe kijana atajua kuuzungusha kabla hajajua kupanga fensi. Umelipa dola 3,000 za kitu kilichozimwa.

---

Mama Karakana

Kweli, ila MningaMkavu hapasui saiprasi mbichi. Amesema mitiki mara mojamoja. Mitiki yenye maji haina biashara na msumeno wa meza, iwe na breki au haina. Pasua kwa bendso (msumeno wa mkanda), panga na vijiti katikati kivulini, subiri, ndipo uilete mezani. Bendso haina meno yanayopanda, inavuta mbao chini mezani, hairudishi mbao.

---

Jua Kali 254

Wadau, na huku Kenya tunaona misumeno ya mtumba kutoka Uingereza ikiingia kwa kontena. Wengi wanaipita kwa sababu ni chuma kizito na rangi imetoka. Jamani. Mashine ya kule ni 230V hezi 50 kama yetu, na kwao kisu cha nyuma na kava ni lazima kwa sheria, kwa hiyo ilitoka kiwandani navyo. Zile za kiwandani kama Wadkin nyingi ni fezi tatu, hapo angalia umeme wa mtaa wako kabla hujapenda.

Ukienda kukagua, beba vitu vitatu: kalipa, rula ya chuma iliyonyooka, na tochi. Shika bledi kwa mkono, umeme umekatwa, itikise mbele na nyuma: ikicheza, beringi za shafti zimekwisha. Weka rula mezani, pitisha tochi nyuma yake. Mwanga unaopita kwa upana wa karatasi unavumilika, zaidi ya hapo meza imepinda. Kisu cha nyuma kama hakipo, angalia kama kishikio chake kipo. Kishikio kikiwepo kisu kinachongwa. Kishikio kikiwa kimevunjika, punguza bei au ondoka.

Swichi ndio la mwisho na ndilo kubwa kwetu. Lazima iwe ile ambayo umeme ukikatika na kurudi, mashine haijiwashi. Mashine yenye swichi ya kawaida ya kubofya, umeme ukikatika fundi anainama kutoa kipande kilichokwama, stima inarudi... sihitaji kumalizia. Swichi hiyo ni bei ndogo sana, na naiweka mbele ya breki ya SawStop kwa mtu yeyote anayekatikiwa umeme mara mbili kwa siku.

---

Volti240

Hapo kwenye swichi nampigia Jua Kali makofi. Ndani ina koili inayoshikilia mguso. Umeme ukienda, koili inaachia. Kitufe cha kuzima kiwe kikubwa, kitokeze nje, kifikiwe na goti. Mikono yote miwili ikiwa kwenye mbao utazima na nini?

---

MpitaNjia_Muscat

Kuna mashine nyingine zenye teknolojia kama hii isiyoharibu bledi? Nilisikia ya Bosch.

---

Randa Kali

Ilikuwepo. REAXX, ilitoka 2016. Yenyewe iliidondosha bledi chini kwa katriji ya gesi bila kuiumiza, na katriji moja ilikuwa na mifyatuko miwili. SawStop wakawafungulia kesi ya hataza, na Januari 2017 tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikaamua kwamba hataza zimevunjwa. Ikatoka sokoni. Mwaka huohuo wa 2017 kampuni mama ya Festool, watengenezaji wa mashine wa Ujerumani, ikainunua SawStop, ndio sababu Festool TKS 80 ina breki ileile ya katriji. Hiyo TKS 80 ni ya Ulaya, ya umeme wetu, bledi mm 254. Bei yake ikalie kitini kwanza.

Juu zaidi kuna misumeno ya meza ya kuteleza: Felder wana mfumo unaoishusha bledi mkono unapokaribia, bila kuharibu kitu, na Altendorf wanatumia kamera mbili juu ya bledi. Ni mashine za viwanda. Mwanzisha uzi anauliza habari za gari dogo, tusimpeleke kwenye basi.

---

Baharini

Kwa mlio Mombasa, Tanga, Unguja: meza ya chuma cha kutupwa inaota kutu kwa wiki moja kaskazi ikivuma. Pakaa nta ngumu, subiri ikauke, futa, kila mwezi. Msitumie vipulizi vya silikoni. Silikoni inahamia kwenye mbao na vanishi inakataa kushika, inaacha macho ya samaki.

Vumbi na chumvi vikikaa kwenye mdomo wa katriji inapochomekwa, taa inaleta hitilafu na mashine haiwaki. Hii si kasoro, ndivyo ilivyoundwa: ikishindwa kujipima haikubali kuwaka. Fungua mlango wa chini kila wiki, safisha kwa brashi kavu. Ukipuliza kwa kompresa yenye maji ndani ya tangi umejiletea kazi.

Forodha: msumeno huu unaingia kwenye namba 8465.91. Mpe wakala namba hiyo mapema akupigie hesabu ya kodi kwa maandishi, na katriji za akiba ziandikwe kama vipuri vya mashine hiyohiyo, kwenye mzigo huohuo. Katriji moja ikija peke yake baadaye, usafiri unaweza kuipita bei.

---

MningaMkavu

Katriji ngapi za akiba kwa karakana ya watu watatu? Na kuibadilisha ni kazi ya fundi wao au yetu?

---

Randa Kali

Nne. Ya kwanza itakwenda mwezi wa kwanza, na itakuwa geji ya pembe. Mbili za mwaka, moja ya kulala salama. Kama mnachimba mifereji kwa bledi pana, moja ya aina ile nayo, na hakikisheni toleo la hezi 50 mnaloletewa lina shafti inayoikubali. Matoleo ya Ulaya shafti yake huwa fupi makusudi.

Kubadilisha ni dakika kumi ukiwa mgeni, tano ukizoea:

Chomoa plagi. Sio kuzima swichi, chomoa. Zungusha gurudumu la kupandishia hadi chini kabisa mpaka usikie "ka!", hapo utaratibu wa kudondosha umejifunga upya. Pandisha tena. Toa kibamba cha katikati ya meza, legeza nati ya bledi. Bledi na katriji zimeng'ang'aniana, msizitenganishe kwa nyundo. Zungusha ufunguo wa katriji, vuta vyote viwili kama kitu kimoja kutoka kwenye shafti na pini zake. Chungulieni na tochi kama kuna vipande vya karbaidi vilivyoanguka chini. Chomeka katriji mpya hadi ufunguo uzunguke wenyewe bila kulazimisha. Ukilazimisha, haijakaa.

Sasa sehemu inayokosewa. Weka bledi mpya, kisha pima mwanya kati ya meno na pande la breki. Uwe kati ya mm 1.5 na mm 3. Bledi za Marekani ni mm 254. Madukani kwetu utaletewa 250, au 255, zote zinaitwa "inchi kumi". Bledi ya 250 inaongeza mm 2 kwenye mwanya, na breki inachelewa au mashine inakataa kuwaka. Kuna skrubu ya kurekebisha, lakini kila ukibadilisha kampuni ya bledi upime upya. Tundu nalo: za Marekani ni inchi 5/8, karibu mm 16; za Ulaya mm 30; madukani kwetu nyingi ni 25.4 au 30. Pete za kupunguzia tundu zikilegea, bledi inakaa nje ya kitovu na mwanya unabadilika kila mzunguko.

Upana wa mkato wa bledi uwe kati ya mm 2.4 na 4.8. Zile bledi zenye vibega vya chuma nyuma ya kila jino msiweke, vibega vinazuia meno kuzama kwenye aluminiamu haraka.

Na glavu ziondoke mezani. Breki inasubiri ngozi, glavu inaichelewesha, na uzi wa glavu ukishikwa na jino mkono unakwenda kwa kasi ya jino.

---

Mama Karakana

Hesabu ya mwisho basi, tuione. Tofauti kati ya (a) ya hezi 50 ikishafika na (b), tuseme dola 3,000. Kwa miaka 10, siku 250 za kazi kwa mwaka, ni dola 1.20 kwa siku. Mifyatuko miwili kwa mwaka ni dola 360, yaani 1.44 kwa siku. Umeona? Katriji zinakula kuliko tofauti ya bei. Anayepunguza mifyatuko ya uzembe kutoka miwili hadi nusu kwa mwaka, gharama nzima inashuka chini ya dola 1.60 kwa siku kwa watu watatu. Mlango mmoja wa mninga unalipa siku ngapi hapo?

Na usajili wa mfuko wa fidia, WCF, uko palepale. Mashine haiufuti.

---

Mpasuaji wa Sao Hill

Kwa MDF na mbao kavu, watu watatu, sawa. Nakubali. Kwa mbao mbichi sibadiliki. Lakini mashine itachukua miezi kufika. Huyu anakatia nini kesho? Msumeno alionao hauna kitu.

---

MningaMkavu

Ndilo nililokuwa nakuja nalo. Uamuzi: naomba ankara mpya ya 230V hezi 50, katriji nne, na alukobondi inahamia kwenye msumeno wa mkono kuanzia leo. Mitiki mibichi inakwenda kupasuliwa kwa bendso ya jirani. Msumeno uliopo, nianzie wapi wakati huu wa kusubiri?

---

Mpasuaji wa Sao Hill

Swichi ya Jua Kali leo. Kisha bledi na fensi: chagua jino moja, litie alama, pima kutoka mfereji wa meza hadi jino hilo likiwa mbele, zungusha bledi, pima jino hilo likiwa nyuma. Tofauti isizidi mm 0.1. Halafu fensi iwe sambamba na mfereji, nyuma ifunguke mm 0.1 hadi 0.2, kamwe isifungwe.

Kwa mbao ngumu, funga kipande cha MDF ya mm 18 kwenye uso wa fensi, kiishie sentimita 3 tu baada ya meno ya mbele kuanza kula. Nyuma ya hapo mbao ikifunguka ina pa kwenda, haibanwi kati ya fensi na bledi. Kwa MDF na melamini rudisha fensi ndefu.

Kijiti cha kusukumia kisipungue sm 45, ncha yake ikatwe mdomo wa ndege wa nyuzi 90 wa kuishika mbao. Kitumike sm 30 za mwisho za kila mkato, na mkato wote kama mbao ni fupi kuliko hapo. Kiwe kimening'inia kwenye fensi. Kikiwa ukutani hakuna atakayekifuata. Bledi itokeze juu ya mbao kiasi cha jino moja, sio nusu ya bledi.

---

Randa Kali

Kisu cha nyuma unaweza kuchongesha, ila soma hili kabla hujampelekea mtu wa kuchomelea. Pima kwa kalipa sahani ya bledi na upana wa meno. Mfano sahani 1.8, meno 2.8: kisu kiwe 2.2 hadi 2.5. Kikiwa kinene kuliko meno mbao inakwama katikati na kijana anasukuma kwa nguvu zote. Kikiwa chembamba kuliko sahani mwanya unajifunga hadi kwenye bledi. Umbali kutoka meno ya nyuma, mm 3 hadi 8 kufuata duara la bledi. Ncha ya juu ishuke mm 2 chini ya jino la juu kabisa ili mifereji ikatike bila kukitoa.

Na asikichomelee kwenye meza. Kishikwe kwenye kile kitako kinachobeba shafti, kiwe kinapanda, kinashuka na kuinama pamoja na bledi. Akishindwa, kichomelewe mezani lakini bledi ifungwe urefu mmoja wa MDF mm 18, na mkato wa kuinamisha usifanyike kwenye mashine hiyo. Tuma picha ya kitako kabla hajakata chuma, upande wa nyuma, kava la chini likiwa wazi.